Foleni Ndani ya Kompyuta: Mizani ya Prosesa na Kadi ya Michoro

Mtu anayeingia Tunduma kwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam hukutana na malori kabla hajakutana na mji. Malori hayo hupeleka mafuta, mbolea na bidhaa za viwandani Zambia na Kongo, na mengine hurejea yakiwa yamepakia shaba. Wakati mwingine foleni yake hurefuka mno, na kila mkazi wa mji huo ana maelezo yake kuhusu chanzo cha msongamano. Ajabu ni kwamba kanuni inayoitawala foleni hiyo ndiyo hiyo hiyo inayotawala kasi ya kompyuta, na kijana asiyeijua kanuni hiyo aweza kupoteza fedha nyingi kwa kununua kifaa ambacho mashine yake haina uwezo wa kukitumia.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wanafunzi wa mkoa wa Songwe na wa mikoa mingine iliyo mbali na Dar es Salaam. Kompyuta nyingi za mezani wanazozimudu ni zile zilizokwisha kutumika ofisini ng'ambo, zikaletwa nchini na kuuzwa kwa bei nafuu. Kijana huinunua kwa ajili ya masomo, kisha hutamani icheze michezo ya kisasa, au ihariri picha za video za harusi, kazi ambayo humwingizia kipato. Hapo huambiwa kwamba dawa ni moja tu, yaani kununua kadi kubwa ya michoro. Ushauri huo mara nyingine ni sahihi. Mara nyingi ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye gharama.

KAZI MBILI ZINAZOFUATANA

Yafaa kwanza kueleza nani hufanya nini. Prosesa, ambayo katika vitabu vingine huitwa kichakataji, ndiyo inayopiga hesabu za mchezo wenyewe. Katika mchezo wa mpira wa miguu, prosesa huamua kila mmoja wa wachezaji 22 yuko wapi, anakimbilia upande gani, na mpira uliopigwa kwa nguvu fulani utaangukia wapi. Ikimaliza hesabu hizo, hutayarisha orodha ndefu ya amri za uchoraji: chora uwanja, chora goli, chora jezi ya mchezaji wa tisa, weka kivuli chini ya miguu yake. Kadi ya michoro huipokea orodha hiyo na kuigeuza kuwa nukta za rangi kwenye skrini.

Kazi ya kadi hutegemea sana idadi ya nukta. Skrini ya nukta 1366 kwa 768 ina nukta 1,049,088. Skrini ya nukta 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600, yaani karibu mara mbili. Skrini ya nukta 3840 kwa 2160 ina nukta 8,294,400, yaani mara nne kamili ya hiyo ya pili. Mwanafunzi na aitazame hesabu hii kwa makini, kwa sababu itahitajika mbele. Skrini ikikua, mzigo wa kadi hukua pamoja nayo; lakini mzigo wa prosesa haubadiliki sana. Wachezaji wanabaki 22, na mpira unabaki mmoja.

HESABU YA FOLENI

Na ichukuliwe kwamba katika kituo cha mpakani kuna meza mbili tu. Meza ya kwanza hukagua hati, na ya pili hukagua mzigo. Meza ya hati ina uwezo wa kupitisha malori 12 kwa saa, na meza ya mzigo malori 8. Ni malori mangapi yatakayovuka mpaka kila saa? Jibu ni 8. Mkuu wa kituo akiongeza makarani wa hati hata uwezo wao ukafika malori 24 kwa saa, yatakayovuka yatabaki 8 vile vile. Kitakachoongezeka ni foleni iliyo kati ya meza ya kwanza na ya pili. (Takwimu hizi ni za mfano tu. Kituo halisi cha Tunduma na Nakonde kina hatua nyingi zaidi, na utaratibu wake wa huduma za pamoja, ambao lori husimama mara moja katika nchi linayoingia badala ya kusimama mara mbili, ulibuniwa ili kupunguza idadi ya meza zenyewe.)

Ndani ya kompyuta hali ni hiyo hiyo, isipokuwa vipimo ni vya milisekunde. Tuseme prosesa huhitaji milisekunde 20 kutayarisha picha moja, na kadi huhitaji milisekunde 25 kuichora. Kwa kuwa prosesa hutayarisha picha inayofuata wakati kadi ikichora iliyotangulia, muda wa hatua hizo mbili haujumlishwi. Kasi ya mashine nzima huamuliwa na hatua iliyo ndefu kuliko nyingine. Sekunde moja ina milisekunde 1000. 1000 kugawanya kwa 25 ni 40. Mchezo huu basi utaonyesha picha 40 kwa sekunde.

Sasa kijana anauza mbuzi, au anachukua akiba ya msimu wa kahawa, na kununua kadi yenye kasi mara tatu ya ile ya kwanza. Kadi hiyo huchora picha moja kwa milisekunde 8.3, yaani ina uwezo wa picha 120 kwa sekunde. Je, atapata 120? Hatapata. Prosesa bado inahitaji milisekunde 20, kwa hiyo mashine itatoa picha 50. Amelipia ongezeko la picha 80, akapata 10, na kadi yake hukaa bure kwa zaidi ya nusu ya muda wake ikisubiri amri. Laiti angalinunua prosesa mpya peke yake, hata yenye kasi maradufu, asingalipata hata picha moja ya ziada, maana kadi ya zamani ingemshikilia pale pale kwenye 40. Mwenzake aliyegawa fedha zake pande mbili, akafikisha prosesa na kadi kwenye milisekunde 15 kila moja, atapata picha 66 au 67 kwa sekunde. Huenda ametumia fedha kidogo kuliko yule wa kwanza.

Mwaka 1967 mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, Gene Amdahl, aliwasilisha hoja iliyo jamaa ya hii katika mkutano wa wanakompyuta, na baadaye ikaitwa sheria ya Amdahl. Hoja yake inahusu kazi ambazo hatua zake hufuatana bila kupishana, kama inavyotokea mara nyingi katika kuhariri video. Endapo asilimia 60 ya muda wa kazi hutumiwa na kadi, na kadi ikaongezewa kasi mara tatu, sehemu hiyo hushuka kutoka 60 hadi 20, lakini ile 40 ya prosesa hubaki. Muda mpya ni 60 badala ya 100, yaani kazi imeharakishwa mara 1.67 tu. Hata ikipatikana kadi ya kimiujiza isiyotumia muda wowote, kazi itabaki na 40, na kasi haitazidi mara 2.5. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake wachore grafu ya jambo hili. Mstari hupanda haraka mwanzoni, kisha hulala.

DARI LA MASHINE NA NAMNA YA KULIPIMA

Swali linalobaki ni hili: mtu atajuaje, kabla hajatoa fedha, kama kinachoikwamisha mashine yake ni prosesa au ni kadi? Wengi hutegemea maneno ya muuzaji au orodha za kuoanisha prosesa na kadi. Orodha hizo zina kasoro moja kubwa: hutoa jibu moja kwa mashine, ilhali jibu hubadilika kwa kila mchezo na kila ukubwa wa skrini. Kompyuta ile ile yaweza kukwamishwa na kadi katika mchezo wa mbio za magari wenye mandhari ya kupendeza, ikakwamishwa na prosesa katika mchezo wa kujenga miji ambamo maelfu ya watu hutembea barabarani.

Jaribio lifuatalo halihitaji chombo chochote cha kununua, na laweza kufanyika katika maabara ya shule kwa kipindi kimoja. Windows 10 na Windows 11 zina kipimo cha idadi ya picha kwa sekunde. Hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi G. Kwanza uzimwe utaratibu unaofunga kasi ya picha na kasi ya skrini, kwani ukiachwa, skrini nyingi zitaonyesha 60 na kusimama hapo, na jaribio lote litakuwa bure. Kisha ichaguliwe sehemu moja ya mchezo inayoweza kurudiwa vile vile kila mara. Ipimwe kasi katika nukta 1920 kwa 1080, halafu katika 1366 kwa 768, halafu katika ukubwa mdogo zaidi unaoruhusiwa. Mipangilio mingine yote iachwe kama ilivyo.

Ikiwa kasi inapanda kila skrini inapopunguzwa, kadi ndiyo meza ya pili yenye foleni. Ikiwa kasi haisogei, prosesa ndiyo inayokwamisha. Kwa mashine ya mfano uliotangulia, matokeo yangekuwa picha 40 kwenye skrini kubwa, kisha 50 kwenye skrini ya kati, kisha 50 tena kwenye skrini ndogo kabisa. Hiyo 50 iliyojirudia ndiyo habari yenye thamani kuliko zote. Kadi imeondolewa mzigo hata ikawa si kizuizi tena, na kilichoonekana ni dari la prosesa. Hakuna kadi yoyote sokoni, iwe ya bei gani, itakayoivusha mashine hiyo juu ya 50 katika mchezo huo kwa mipangilio hiyo. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kuipima kadi asiyokuwa nayo.

Wapo wanaopendelea kutazama asilimia za matumizi katika programu ya Windows inayosimamia kazi za mashine. Njia hiyo si mbaya, lakini ina mtego. Kadi inayoonyesha asilimia 95 na zaidi kweli imebanwa. Prosesa, kwa upande wake, yaweza kuonyesha asilimia 40 na bado ndiyo kikwazo. Sababu ni kwamba prosesa ya viini vinne ambayo kiini kimoja kimejaa kabisa na vingine vimelala huandikwa kuwa inatumika kwa asilimia 25. Michezo mingi hupeleka sehemu kubwa ya kazi yake kwenye kiini kimoja au viwili, na karani mmoja aliyelemewa huchelewesha foleni yote hata kama wenzake watatu wanapiga soga.

Wastani nao hudanganya. Sekunde moja yenye picha 59 za milisekunde 15 kila moja na picha moja ya milisekunde 115 hutoa wastani wa picha 60, ambao ni mzuri. Lakini jicho la mchezaji litaona mshtuko, na huenda goli likafungwa wakati huo huo. Mishtuko ya namna hii huletwa mara nyingi na prosesa iliyozidiwa au kumbukumbu isiyotosha. Kadi ikiwa ndiyo iliyozidiwa, dalili huwa nyingine: mwendo ni sawasawa, ila mikono huhisi uzito. Prosesa iliyotangulia huweka picha mbili au tatu kwenye foleni zikisubiri kuchorwa, na mchezaji akibonyeza kitufe, amri yake huonekana baada ya foleni hiyo kwisha. Kwa milisekunde 25 kila picha, foleni ya picha mbili huchelewesha milisekunde 50 zaidi. Dawa yake haina gharama: mchezo uwekewe kikomo cha kasi kilicho chini kidogo ya uwezo wa kadi, na foleni itayeyuka.

KOMPYUTA YA OFISINI IKIGEUZWA YA MICHEZO

Na itazamwe sasa mashine iliyo mfano mzuri wa zile zinazopatikana madukani: kompyuta ya ofisini yenye prosesa ya Intel Core i5-3470 ya mwaka 2012, yenye viini vinne. Mashine za aina hii mara nyingi huja na kibati kimoja tu cha kumbukumbu. Hapo ndipo palipo na nafuu ya kwanza, tena rahisi kuliko zote. Kumbukumbu ya DDR3 ya mwendo wa 1600 hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde kwa njia moja. Vibati viwili vikipangwa katika nafasi zinazostahili hufungua njia mbili na kupitisha 25.6. Kumlisha mfanyakazi mliyenaye ni nafuu kuliko kumwajiri mwingine. Diski ya kisasa isiyo na sahani inayozunguka huharakisha kufunguka kwa mchezo, lakini isitarajiwe kuongeza picha kwa sekunde.

Kuhusu kadi, kikwazo cha kwanza si prosesa bali ni umeme. Kompyuta nyingi za ofisini za wakati huo zina kifaa cha kugawa umeme cha wati 240 hadi 275. Prosesa hii peke yake imepangiwa wati 77. Kadi ya GeForce RTX 3060 ya mwaka 2021 hutumia wati 170. Jumla tayari ni 247, kabla ya kuhesabu ubao mama, diski na feni. Mashine ya wati 240 haiwezi, na muuzaji anayesema itaweza hajajumlisha. Zipo kadi zinazotosheka na wati 75 ambazo nafasi ya ubao mama hutoa bila waya wa ziada, mathalani GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 na aina za GTX 1650 ya mwaka 2019 zisizo na soketi ya waya. Hizi hulingana na mashine hiyo kwa umeme, na kwa kiasi kikubwa kwa kasi pia. Kwa kompyuta zenye umbo jembamba, hapana budi kutafuta kadi fupi, maana ile ya kawaida haifungiki na kifuniko.

Kuna mtego mwingine usioandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. Kadi ya Radeon RX 6500 XT, iliyotolewa Januari 2022, huwasiliana na ubao mama kwa njia 4 tu badala ya 16. Katika mashine mpya ya kizazi cha nne cha PCI Express, njia hizo 4 hupitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde, nazo zinatosha. Katika ubao wa kizazi cha tatu hupitisha karibu 4, na katika ubao wa kizazi cha pili, karibu 2. Hivyo kadi ile ile, kwa bei ile ile, ni dhaifu zaidi kwa mnunuzi mwenye mashine ya zamani, naye ndiye anayevutiwa nayo zaidi kwa kuwa bei yake ni ndogo. Ni kama daraja la magari mawili kwenye barabara ya magari manane.

Je, haifai basi kuinua prosesa? Ubao ule ule hupokea Core i7-3770, nayo ni ya mwaka 2012, yenye viini vinne vinavyoweza kupokea mikondo minane ya kazi. Ongezeko lipo. Lakini hapa busara hudai kutazama mbali zaidi ya kasi. Prosesa za kizazi hicho hazina kundi la amri liitwalo AVX2, lililoanza kuonekana kwa Intel mwaka 2013, na baadhi ya michezo mipya hukataa kabisa kufunguka bila hilo. Tena Windows 11 haizitambui rasmi prosesa hizo, na Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Fedha zinazowekwa katika ubao wa namna hiyo zinawekwa katika nyumba ya kupanga. Kadi inaweza kuhamishwa kwenda mashine nyingine siku ijayo. I7-3770 haitahamia popote. Kwa mwenye fedha kidogo, ni afadhali kibati cha pili cha kumbukumbu na kadi ya wati 75, kisha akiba ya kununua ubao na prosesa mpya kwa pamoja.

Ununuzi usio na mizani si jambo geni nchini. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jitihada zilizofuata za kuingiza hesabu za Serikali katika mashine kubwa zaidi ziliharibika, kwa sababu wataalamu wa kuipangia kazi walikuwa wachache mno, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hayo yalikwisha kuondolewa zamani, lakini kisa chenyewe kinaonyesha kuwa meza yenye foleni si lazima iwe ya chuma.

VUMBI NA JOTO

Jambo moja zaidi huvuruga vipimo vyote vilivyotajwa. Prosesa na kadi zikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo zenyewe ili zisiungue. Katika miezi ya kiangazi, vumbi la barabara ya malori huingia kwenye mapezi ya kupozea na kuyaziba kama blanketi. Mashine ya namna hiyo ikipimwa itaonyesha kwamba prosesa ni dhaifu, na mwenyewe atakwenda kununua nyingine, ilhali anachohitaji ni brashi. Kwa hiyo jaribio la skrini lifanyike mara mbili: dakika tano baada ya mchezo kuanza, na tena baada ya nusu saa. Namba zikitofautiana sana, mashine izimwe, waya wa umeme uchomolewe ukutani, kifuniko kifunguliwe, na vumbi liondolewe kwa brashi laini iliyo kavu, feni ikiwa imeshikwa kwa kidole isizunguke. Mafuta mazito ya kupitishia joto yaliyo kati ya prosesa na kipozeo nayo hukauka baada ya miaka, na katika kompyuta ya mwaka 2012 ni jambo la kutegemewa kuyakuta yamekuwa kama chaki. Yafutwe kwa spiriti, yapakwe mapya kiasi cha punje ya kunde, na kipimo kirudiwe kabla ya kwenda dukani.